Shajara ya mradi: nyuzi za nano zenye metronidazoli kwa vidonda sugu, Lubumbashi

Mei, mwanzo wa kiangazi

Kazi imeanza rasmi. Tunachotaka kutengeneza ni kifuniko chembamba cha kidonda, kilichosokotwa kwa umeme kutokana na polima (kemikali ya minyororo mirefu, kama plastiki) iitwayo polikaprolaktoni, chenye dawa ya metronidazoli ndani ya nyuzi zake za nano, yaani nyuzi zenye upana wa chini ya elfu moja ya milimita, na kitakachoitoa dawa hiyo kidogo kidogo kwa siku tatu badala ya kuimwaga yote katika saa ya kwanza. Muda huo wa siku tatu tumepewa na watu wanaofunga vidonda. Mama muuguzi anayesimamia chumba cha kufungia vidonda katika kituo cha afya tunachoshirikiana nacho alitueleza mapema: "Daktari, mgonjwa wa mguu anayetoka Ruashi hawezi kulipa usafiri kila asubuhi. Mkinipa kitu cha kukaa siku tatu bila kunuka, atarudi. Mkinipa cha siku moja, nitamwona juma la kwanza tu." Wengi wa wagonjwa wake ni watu wazima wenye kisukari na vijana wenye selimundu, ambao hapa kwetu huitwa SS. Vidonda vyao vya karibu na kifundo cha mguu huchukua miezi kufunga, na mara nyingi hufunguka tena mahali palepale.

Metronidazoli inapatikana katika kila duka la dawa mjini, bei yake si kubwa, na namna inavyofanya kazi inajulikana vizuri: huingia ndani ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, na humo ndimo kundi lake la nitro linapobadilishwa kikemia na kuzaa chembe zinazoharibu DNA ya bakteria. Bakteria hao ndio wanaokipa kidonda sugu ile harufu inayomfanya mgonjwa ajitenge hata na jamaa zake. Jeli ya metronidazoli ya asilimia 0.75 hutumika tayari dhidi ya harufu hiyo, lakini jeli huoshwa na majimaji ya kidonda na hulazimu kupakwa upya. Dawa hii haina nguvu juu ya bakteria wanaohitaji oksijeni, kwa hiyo kifuniko chetu hakitakuwa tiba ya kila kidonda, na hatutakitangaza hivyo.

Mei, mwishoni

Mtambo umesimama na unafanya kazi. Una pampu inayosukuma sirinji polepole sana, nusu mililita kwa saa. Sindano ya chuma ya geji 21 iliyokatwa ncha ili iwe butu. Chanzo cha volti ya juu ambacho tunakitumia kati ya kilovolti 15 na 18. Na, umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye sindano, pipa dogo linalozunguka, lililofunikwa karatasi ya alumini na kuunganishwa na ardhi.

Kwa wanafunzi wanaojiunga nasi sasa, naandika kanuni yake hapa. Tone la myeyusho wa polima linapotokeza kwenye ncha ya sindano yenye chaji, mvutano wa uso hulivuta liwe duara, nao uga wa umeme hulivuta kuelekea pipa. Uga ukizidi, tone huchongoka na kuwa koni. Geoffrey Taylor alionyesha mwaka 1964 kwamba pembe ya nusu ya koni hiyo ni nyuzi 49.3, na tangu hapo koni hubeba jina lake. Kutoka kwenye kilele cha koni hufyatuka mchirizi mwembamba ambao, baada ya kwenda moja kwa moja kwa kitambo kifupi, huanza kupindapinda na kuzunguka kwa kasi kubwa. Zamani ilidhaniwa kwamba mchirizi hupasuka na kuwa michirizi mingi; Darrell Reneker, Alexander Yarin na wenzao walieleza mwaka 2000 kwamba kwa kawaida ni mchirizi mmoja tu unaochapwa huku na huku na chaji zake zenyewe zinazosukumana. Katika kuchapwa huko hurefuka mno, hukonda, na kiyeyushi chake hupotea hewani. Kinachofika kwenye pipa ni uzi mkavu, au uzi uliokaribia kukauka. Msisitizo wangu kwa wanafunzi ni juu ya maneno hayo ya mwisho: tofauti kati ya mkavu na uliokaribia kukauka ndiyo itakayoamua mambo mengi katika mradi huu.

Ufundi wenyewe si mpya. Anton Formhals alipata hataza yake Marekani mwaka 1934, akiwa na nyuzi za nguo akilini. Kuubebesha dawa ndiko kuliko kwa karibuni: kazi ya Kenawy na wenzake, iliyotoka mwaka 2002, ilitumia tetrasaiklini, na ndiyo ambayo wengi huanzia.

Ukizima taa za chumba na kuweka kurunzi ubavuni mwa sindano, unauona mchirizi. Milimita chache za mwanzo ni mstari mmoja unaong'aa, umetulia kabisa. Kisha mstari unatoweka na mahali pake panaonekana ukungu wenye umbo la faneli, kwa sababu jicho haliwezi kufuata mizunguko. Mstari ule wa mwanzo ukitikisika, kuna tatizo: volti imepita kiasi, au pampu inakwenda haraka, au myeyusho umepoteza mnato. Kabla ya kipimo chochote, tunaangalia hapo kwanza.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na hewa nyepesi hupitisha cheche kwa volti ndogo kuliko hewa ya pwani. Maelekezo yaliyoandikwa na maabara za usawa wa bahari tunayasoma tukijua hivyo, hatusogezi pipa karibu kuliko sentimita 12, na kila kona kali ya chuma iliyo jirani na sindano tumeifunika.

Juu ya umeme kukatika: mkondo unaopita katika mchirizi wenyewe hauzidi sana mikroampea moja, na vifaa vyote kwa pamoja hula umeme mdogo. Betri moja ya gari pamoja na kigeuzi cha umeme vinatosha kumaliza utando mmoja, yaani shuka moja la nyuzi zilizokusanyika kwenye pipa. Tumeweka pia swichi ambayo, umeme ukirudi, haiwashi chanzo cha volti ya juu mpaka mtu aje kuibonyeza kwa mkono wake. Swichi hiyo haiondolewi kwa sababu yoyote.

Juni

Mwezi huu umekwenda kwa kiyeyushi. Polikaprolaktoni huyeyuka vizuri sana katika klorofomu na diklorometani, na makala nyingi hutumia hivyo. Mimi nilikataa tangu mwanzo, na nimeandika sababu ili anayekuja baadaye asidhani ni ukaidi. Mwongozo wa kimataifa kuhusu mabaki ya viyeyushi katika dawa unaruhusu klorofomu sehemu 60 tu kwa milioni, na diklorometani sehemu 600. Asidi asetiki na asidi fomiki zinaruhusiwa hadi sehemu 5,000 kwa milioni bila hoja za ziada. Kifuniko hiki kitalala juu ya nyama isiyo na ngozi. Isitoshe, klorofomu huchemka kwa nyuzijoto 61 tu, na katika hewa kavu ya kiangazi chetu ingeganda kwenye ncha ya sindano kabla mchirizi haujatulia.

Basi tunatumia mchanganyiko wa asidi asetiki na asidi fomiki, sehemu tatu kwa moja, wenye polikaprolaktoni gramu 15 kwa kila mililita 100. Asidi fomiki huongeza uwezo wa myeyusho kupitisha umeme, na kwa hiyo nyuzi hutoka nyembamba zaidi. Metronidazoli nayo huyeyuka vizuri humo, jambo ambalo halikuwa hakika katika viyeyushi vya klorini. Gharama yake ni kwamba asidi hizi hukata minyororo ya polima taratibu. Myeyusho uliokaa usiku kucha hauna mnato wa jana, na myeyusho uliopungua mnato hutoa nyuzi zenye shanga, yaani vinundu vilivyotungwa kwenye uzi kila baada ya hatua. Shanga si kasoro ya sura tu: kila moja hubeba dawa nyingi katika umbo jingine, na utoaji wake hauwezi kutabiriwa pamoja na ule wa nyuzi. Kwa hiyo kanuni ya maabara ni kukoroga asubuhi, kusokota mchana, na kumwaga kilichobaki kwenye chombo cha taka za asidi kabla ya kufunga mlango.

Asubuhi za Juni zimetuletea jambo ambalo wenzetu wa nchi za joto hawalijui. Asidi asetiki safi huganda kwa nyuzijoto 16.6. Tunapofungua chumba, chupa iliyokaa juu ya meza ya zege mara nyingi ina tabaka jeupe la fuwele upande wa chini, na kimiminika juu yake. Kumimina kile cha juu tu ni kubadilisha uwiano, kwa sababu maji kidogo yaliyomo kwenye asidi hubaki upande wa kimiminika. Chupa nzima inakaa kwenye beseni la maji ya nyuzi 25 mpaka fuwele zote ziishe, inatikiswa, ndipo inapimwa. Mchanganyiko ukiwa tayari haugandi kwa baridi yetu, lakini mnato wake hupanda, na tunasubiri chumba kipate joto.

Julai

Vipimo vya kwanza vya utoaji. Kila kipande cha utando kinapimwa uzito, kinawekwa katika bufa ya fosfati (maji ya chumvi yanayotunza kiwango chake cha asidi) ya pH 7.4 kwa nyuzijoto 37, na kwa vipindi tunachota bufa kidogo, tunaisoma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na dawa, na kuijaza bufa mpya. Metronidazoli katika pH hiyo hufyonza mwanga zaidi kwa nanomita 320. Wanafunzi waliozoea kuipima katika asidi wanakumbuka nanomita 277, na tumebandika karatasi juu ya mashine ili namba hizo mbili zisichanganywe. Chupa zote zimefungwa karatasi ya alumini, kwa kuwa dawa hii huharibiwa na mwanga.

Matokeo ni yale ambayo fasihi ilituonya: mmwagiko wa awali. Sehemu kubwa ya dawa imetoka ndani ya saa chache, kisha mstari umelala, na mabaki yamebaki ndani bila dalili ya kutoka.

Nimekaa na hesabu jioni kadhaa, na naona inafaa iandikwe, kwa maana inaondoa matumaini ya uongo. Gramu moja ya polikaprolaktoni, ikisokotwa kuwa uzi wa kipenyo cha nanomita 500, ina urefu wa takriban kilometa 4,400, ambao ni zaidi ya kwenda Kinshasa kwa ndege na kurudi, na ina eneo la uso la takriban mita 7 za mraba. Hii ndiyo sifa inayotajwa kila mahali kama faida ya nyuzi za nano. Kwa anayetaka dawa itoke haraka ni faida kweli. Kwa anayetaka kuizuia, ni mzigo. Muda wa dawa kusafiri kutoka katikati ya uzi hadi nje hupungua kwa mraba wa nusu kipenyo: ukikonda uzi mara mbili, muda unapungua mara nne. Hata nikichukua kasi ya usambaaji iliyo ndogo sana, 10⁻¹² ya sentimita ya mraba kwa sekunde, nusu kipenyo cha nanomita 250 hunipa muda wa karibu dakika 10. Dakika 10, nasi tunatafuta siku tatu. Uzi mtupu, kwa wembamba wake pekee, hauwezi kuizuia dawa inayoweza kusogea ndani yake. Wala tusitegemee polima ioze na kuiachia dawa taratibu, kwa kuwa polikaprolaktoni huchukua zaidi ya mwaka mmoja kumalizika mwilini.

Lakini hesabu hiyohiyo haielezi mabaki yasiyotoka. Kama kusambaa kungekuwa ndiko kila kitu, yote yangetoka. Yarin na wenzake walitoa mwaka 2008 maelezo ambayo naona yanalingana na tunachokiona: dawa inayotoka ni ile iliyo kwenye uso wa uzi, au kwenye vinyweleo vilivyounganika na uso, na inaondoka kwa kubanduka kutoka hapo, ile iliyofungiwa katikati ya polima ngumu haisogei kwa kipimo cha siku zetu. Swali la mradi limebadilika basi. Tuache kuuliza uzi uwe mnene kiasi gani, tuulize dawa imekaa wapi uzi unapokauka, na maji yanaifikiaje.

Jambo dogo kuhusu milinganyo. Wanafunzi wamefurahi kuona pointi zetu za mwanzo zikilala kwenye mstari wa Higuchi, yaani utoaji unaofuata kipeuo cha pili cha muda. Higuchi aliutoa mlinganyo huo mwaka 1961 kwa dawa iliyotawanyika katika mafuta ya kupaka. Mstari kunyooka hakuthibitishi kwamba sababu ni ileile. Vilevile namba ya 0.45 inayotajwa katika mlinganyo mwingine wa utoaji wa dawa, ule wa Korsmeyer na Peppas, kwa umbo la mcheduara ni ya mcheduara mmoja uliozungukwa na maji pande zote, wakati utando wetu ni maelfu ya nyuzi zilizolaliana, zenye vipenyo tofauti na hewa katikati. Tutaandika namba tunazopata, bila kuzitumia kama ushahidi wa kitu zisichokionyesha.

Agosti

Picha za darubini ya elektroni zimerudi kutoka nje ya nchi. Nyuzi ni laini, shanga ni chache. Kwenye utando wenye dawa asilimia 10 ya uzito wa polima, vijiti vya fuwele vimechomoza juu ya nyuzi, vingine vikiwa virefu kuliko upana wa uzi wenyewe. Kwenye utando wa asilimia 5 hatukuviona. Metronidazoli na polikaprolaktoni hazipatani sana. Kiyeyushi kinapopungua, dawa husukumwa nje pamoja nacho, na ikipata nafasi hujipanga kuwa fuwele usoni. Uzi ukikauka upesi, dawa hushikwa mahali ilipo kabla haijasogea.

Hatuwezi kusubiri picha kila mara, kwa hiyo tumeanzisha kipimo cha suuza. Kipande cha utando kinazamishwa kwa dakika moja katika maji yenye ethanoli kidogo, ambayo hupenya kati ya nyuzi mara moja, kisha maji hayo yanasomwa. Kinachosomeka ni dawa ya usoni. Ni kipimo cha kimaabara duni, lakini kinatofautisha vizuri utando mmoja na mwingine, kinafanyika hapahapa, na jibu lake linapatikana kabla myeyusho wa siku haujaharibika. Kwa mazingira yetu nakiona kuwa na thamani kuliko picha nzuri inayofika baada ya majuma.

Kuanzia sasa dawa ni asilimia 5.

Septemba

Mwezi wa matunda zaidi hadi sasa. Kulikuwa na njia mbili za kuzuia maji yasiifikie dawa haraka. Ya kwanza ni kusokota kwa sindano mbili, moja ndani ya nyingine, ili dawa iwe kiini na polima tupu iwe ganda. Ni njia bora kwa protini na dawa nyingine dhaifu, na sina neno dhidi yake, ila inadai pampu mbili, sindano zilizonyooka katikati kabisa, na viyeyushi viwili vinavyokubaliana pale vinapokutana. Ya pili ni kusokota tabaka juu ya tabaka: polima tupu, kisha polima yenye dawa, kisha polima tupu tena, bila kusimamisha pipa, kwa kubadilisha sirinji tu. Tumechagua ya pili, kwa sababu fundi yeyote aliyefundishwa vizuri anaweza kuirudia, na ikiharibika anajua pa kuangalia.

Kipande cha tabaka tatu kilipowekwa kwenye bufa, kilielea. Kilibaki cheupe kama karatasi na kikavu upande wa juu, wakati kipande cha tabaka moja chenye dawa kilianza kuingia maji kingoni na kugeuka rangi ya kijivu kinachopitisha mwanga. Polikaprolaktoni haipendi maji, na ikisokotwa huyakataa zaidi kuliko ikiwa bapa, kwa sababu tone la maji hukaa juu ya nyuzi na hewa iliyo katikati yake. Hewa hiyo ndiyo kizuizi. Maji hayawezi kuichukua dawa yasiyoigusa, na huigusa tu kadiri yanavyoisukuma hewa nje, tabaka kwa tabaka. Mark Grinstaff na wenzake wa Boston University walionyesha mwaka 2012, kwa nyuzi za polima hii hii zilizoongezewa kitu kingine kinachokataa maji, kwamba hewa inaweza kutumika hivyo, kama ukuta unaoondolewa polepole. Sisi hatujaongeza kitu, tumeongeza unene tu, na mstari wa utoaji umelala kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona: mmwagiko wa awali umebaki mdogo, na dawa inaendelea kutoka siku ya pili na ya tatu.

Pande mbili za kifuniko zisiwe sawa. Upande wa nje uwe mnene, usiruhusu majimaji kupita. Upande wa kidonda uwe mwembamba, ili dawa ianze kufika siku ileile. Upande huo una faida nyingine ambayo Mama muuguzi aliiona kabla yetu alipokishika kipande kikavu: hakina vijinyuzi vya kung'ang'ania nyama kama shashi, ambayo ikibanduliwa asubuhi huondoka na ngozi changa iliyoanza kuota.

Oktoba, mvua za kwanza

Kipimo cha unyevunyevu ukutani kilikuwa kikisoma kati ya asilimia 30 na 40 mchana wote wa Agosti na Septemba. Sasa, baada ya mvua ya alasiri, kinapita 80. Myeyusho ni uleule, volti ni ileile, umbali ni uleule, lakini utando si uleule. Nyuzi zimegandana pale zinapokutana, uso wake umekwaruzika, na kipimo cha suuza kinaonyesha dawa nyingi zaidi usoni.

Sababu tunaielewa. Asidi hizi mbili huvuta maji kutoka hewani, na maji hayayeyushi polikaprolaktoni. Mchirizi unaosafiri katika hewa yenye unyevu hupoteza asidi polepole huku ukipokea maji, polima inaanza kujitenga kutoka kwenye myeyusho wakati bado ni kimiminika, na dawa inapata muda wote inaouhitaji kukimbilia nje. Baadhi ya nyuzi hufika kwenye pipa zikiwa bado na majimaji, ndiyo maana zinagandana. Hewa ya chumba ni kiungo cha kifuniko hiki sawasawa na polima na asidi, na inastahili kuandikwa kwenye fomula pamoja na kiwango chake. Makala nyingi hutaja volti na umbali kwa usahihi mkubwa na kunyamaza kuhusu unyevunyevu. Kwa wasomaji wa Afrika ya kati, ambako msimu mmoja haufanani na mwingine, ukimya huo unagharimu miezi ya kazi.

Tumejenga kabati la plastiki angavu kuzunguka sindano na pipa. Hewa inaingia kupitia chombo cha jeli ya silika, inatoka upande wa pili kuelekea kofia ya kuvuta mvuke, ili mvuke wa asidi usirundikane ndani. Jeli ikibadilika rangi kutoka chungwa kuwa kijani inakaushwa kwenye oveni na kurudishwa. Kusokota hakuanzi mpaka kipimo kilicho ndani ya kabati kishuke chini ya asilimia 40. Tando za juma la mwisho la mwezi, zilizosokotwa huku mvua ikipiga bati, zimetoa kipimo cha suuza kisichotofautika na za Septemba.

Mabaki ya asidi nayo tumeyapima kwa kuloweka utando katika maji safi na kutitresha, yaani kupima asidi kwa kuongeza besi kidogo kidogo. Unaotoka moja kwa moja kwenye pipa bado ungechoma kidonda. Ukining'inizwa kwenye hewa kavu kwa siku kadhaa, gizani, mabaki hushuka. Hatutumii joto, kwa sababu polikaprolaktoni huyeyuka kwa nyuzijoto 60 na nyuzi za nano huanza kulainika na kushikana kabla ya hapo.

Novemba

Bufa si kidonda. Majimaji ya kidonda yana protini, na protini hupunguza mvutano wa uso, kwa hiyo huingia mahali ambapo maji matupu yanakataliwa. Kama kizuizi chetu ni hewa, ilitubidi tukijaribu mbele ya kimiminika kinachojua kuifukuza. Tumerudia vipimo katika bufa iliyochanganywa na seramu ya ng'ombe. Kipande cha tabaka tatu hakikuelea kwa muda mrefu kama mwanzo. Kingo zililowa siku ya kwanza, na utoaji ulikwenda haraka zaidi, ukikaribia siku mbili kuliko tatu. Bado ni bora mara nyingi kuliko tabaka moja, lakini si kile tulichoahidi. Nimeomba kwamba kuanzia sasa hakuna namba ya utoaji itakayotoka katika maabara hii bila kutaja kama ni ya bufa au ya seramu.

Utakasaji wa vijidudu unabaki kuwa kazi ngumu kuliko zote zilizosalia. Otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke wa moto, ya nyuzijoto 121 ingeuyeyusha utando wote. Mwanga wa urujuanimno ungeharibu dawa. Kuchuja myeyusho kabla ya kusokota hakuwezekani kwa mnato huu kwenye vichujio vya mikromita 0.22. Zinabaki mionzi ya gamma na gesi ya oksidi ya ethileni, ambazo zote zinahitaji mtambo wa mtu mwingine, na kila moja inahitaji kuthibitishwa kwamba haikati minyororo ya polima wala kuacha mabaki. Tumeandika barua kuomba nafasi ya kutuma sampuli. Mpaka jibu lije, tando zote zinabaki kuwa za maabara, na hakuna kipande kitakachotoka kwenda kituo cha afya, hata kwa ombi la mgonjwa tunayemfahamu. Kamati ya maadili itapelekewa jalada pale tu utakasaji na vipimo vya sumu kwa seli vitakapokuwa vimekamilika.

Kwa Desemba, kazi mbili. Tabaka la upande wa kidonda litasokotwa kwa unene tofauti, kuanzia ule wa sasa kwenda juu, na kila unene utapimwa katika seramu peke yake, ili tujue ni wapi siku ya tatu inapofikiwa bila dawa ya siku ya kwanza kuchelewa. Sambamba na hilo, mwanafunzi mmoja atakata vipande vya duara kutoka kwenye tando hizo, avitoe kwenye seramu kila baada ya siku moja na kuvilaza juu ya sahani zilizopandwa bakteria wasiohitaji oksijeni, ndani ya mtungi usio na oksijeni, tuone kama dawa inayosomeka kwenye spektrofotomita siku ya tatu ingali inatosha kuwazuia.